Ufito wa Mama Juu ya Meza ya Chai

Jumanne, 15 Mei 1973

Mvua tangu saa saba. Daftari thelathini na nane za darasa la sita. Nimesahihisha kumi na tisa, chaki imejaa kwenye kucha, chai ya pili imepoa.

Barua ya inspekta imefika. Atakuja Alhamisi, tarehe kumi na nne Juni. Kila mwalimu ambaye hakusomea ualimu atafundisha somo moja la Kiingereza mbele yake: neno moja la kawaida, maana zake zote, na lilikotoka. Akiridhika, na mwenyekiti wa kamati ya shule akitia sahihi kwenye fomu, jina la mwalimu linaenda kolegi ya ualimu kwa Januari. Asiporidhika, shule itamshukuru mwalimu na kumuaga mwisho wa mwaka. Ndivyo ilivyoandikwa. Itamshukuru.

Huu ni mwaka wangu wa tatu nikifundisha kwa kubahatisha. Naitaka kolegi.

Bwana Langat, mwalimu mkuu wetu, aliandika maneno kwenye vikaratasi akavitia ndani ya kofia yake. Joel, mwenzangu asiyesomea kama mimi, alitoa "run". Amefurahi, ana la kusema mpaka Krismasi. Mimi nilitoa "table".

Meza. Miguu minne na ubao. Dakika arobaini nitasema nini?

Jumatano, 16 Mei

Bwana Langat ameniazima kamusi yake kubwa, ile iliyopasuka mgongo na kufungwa kwa kamba ya mkonge. Amenikataza kuisoma nikila. Ananijua.

Hasira ya jana ilikuwa ya bure. Table si meza tu. Nimejaza ukurasa. Meza ya kulia. Hesabu za kuzidisha, zile watoto wanaimba asubuhi. Ratiba. Orodha ya yaliyomo mbele ya kitabu. Uwanda ulio juu ya mlima. Maji ya chini ya ardhi nayo yana table yao, ndiyo mchimba kisima anaitafuta. Tembe ya dawa ni tablet, yaani table ndogo.

Asili: Kilatini, tabula. Ubao. Ubao mtupu wa kuandikia, wa kuhesabia, wa kuchezea. Wafaransa wakalichukua, Waingereza wakalichukua kwao, na sasa limefika hapa Roret kwenye chumba changu cha mabati nyuma ya darasa la nne.

Bwana Langat anasema meza yetu sisi tulipewa na Wareno, nao waliitoa kwenye Kilatini hicho hicho, lakini kwa neno lingine kabisa. Maneno mawili yametoka mji mmoja, kila moja na njia yake, yamekutana kwangu yakikuta sufuria chafu. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 18 Mei

Nimekutana na yule Mmarekani wa kujitolea wa sekondari, anasukuma baiskeli kwenye tope. Nikamwuliza kuhusu kuweka jambo mezani. Anasema kwao maana yake ni kulisogeza kando, lisijadiliwe. Kamusi inasema Waingereza wanamaanisha kulileta mbele ya Bunge, lijadiliwe sasa. Neno moja, lugha moja, wanapingana kama mke na mume. Nimeliandika.

Leo nalala kwa Mama. Sabato yetu inaanza jua likizama, na ni mwendo wa saa mbili kwa miguu mpaka kambi ya kampuni.

Jumapili, 20 Mei

Nimerudi. Nina jambo kubwa.

Mama anachuma chai ya kampuni tangu tuondoke Kisii, mimi nikiwa mgongoni. Hajui kusoma zaidi ya jina lake. Leo asubuhi aliniuliza kinachonifanya nijisemeshe. Nikamwambia table. Akasema, mbona hiyo anaijua. Akachukua ufito wake nyuma ya mlango tukaenda kwenye chai iliyo karibu na kambi.

Ufito ni mti mwembamba ulionyooka, mrefu kumpita yeye. Aliulaza juu ya miti ya chai. Akanionyesha: sehemu ya juu ya mchai, iliyo sawa kama imepigwa randa, ndiyo table. Wazungu waliita hivyo, nyapara wakaita meza, wachumaji wakaita meza. Kinachopita ufito kinachumwa, majani mawili na kichipukizi. Kilicho chini ya ufito hakiguswi. Ukigusa cha chini umevunja meza, na meza iliyovunjwa inakaa miezi kabla ya kulingana tena.

Nilikulia kwenye kambi hiyo. Nimeona fito maisha yangu yote. Sikuwahi kuuliza zinafanya nini.

Nimepekua kamusi mara mbili. Maana hii haimo. Mama yangu anajua kitu ambacho kamusi ya Bwana Langat haikijui. Nashukuru sana, na naona aibu kidogo, na nimeamua: nitaifundisha.

Jumatatu, 21 Mei

Chai iliyo karibu na shule ni ya Mzee arap Tonui, mwenyekiti wetu wa kamati. Tumetenganishwa na ua wa miti tu. Ndiye wa kwanza kupanda chai kwenye mgongo huu wa mlima. Watu walimcheka, wakasema ng'ombe hawali majani hayo. Sasa wote wanaomba miche.

Nilimwomba kupitia kwa mkewe, Mama Chebet, kama inavyopasa. Jibu limekuja: watoto waje waangalie. Kesho nitawapeleka, nifanye mazoezi kabla ya inspekta.

Jumanne, 22 Mei

Nimeharibu.

Aliniruhusu kuangalia. Mimi nikawaambia wachume kidogo. Hakuna aliyenituma. Nilitaka waijue kwa vidole. Nilisimama mwisho wa mstari na wasichana watatu, nawaonyesha ufito, najisikia mwalimu kweli kweli. Nyuma yangu thelathini na tano walikuwa wameanza mashindano. Dakika kumi. Nilipogeuka, mistari mitatu imeliwa kama nzige wamepita. Si majani mawili na kichipukizi. Matawi. Wameyavunja chini kabisa, mikono imejaa, nyuso zinameremeta, wanasubiri niwasifu.

Sikuwapiga. Nikawarudisha darasani.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi sina wa kwetu hapa. Nitakula peke yangu.

Nilitaka kungoja kesho. Nikasema hapana, nikaenda jua bado liko juu. Mzee alikuwa anawapa ng'ombe chumvi. Nikamwambia yote, nimesimama. Akaja na mimi mpaka kwenye chai. Akapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole, ncha ya bakora inagusa kila mti. Mwishoni akaniuliza, "Mwalimu, umemaliza?"

Nikasema ndiyo. Akaenda zake kwa ng'ombe. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumatano, 23 Mei

Nimewauliza watoto kwa nini. Wakanishangaa. Chebet, binti wa mzee mwenyewe, alisimama akaeleza kwa adabu: managu, yaani mnavu, ukiyachuma juu juu yanakonda na kukimbilia maua. Ukivunja chini yanachipuka mengi. Kila mtu anajua hivyo. Walinichumia chai vizuri, kwa moyo wote, jinsi mama zao walivyowafundisha kuchuma mboga.

Na nyumbani hawaruhusiwi kugusa chai. Chai ni ya baba. Nilidhani kila mtoto wa nchi hii amezaliwa na kikapu mgongoni kwa sababu mimi nilizaliwa hivyo. Kosa ni langu, halina mwenzake.

Alhamisi, 24 Mei

Kamati ilikaa. Joel alipita karibu na dirisha, akasikia jambo langu limewekwa mezani.

Naomba iwe meza ya Kimarekani.

Ijumaa, 25 Mei

Mbaya zaidi. Mama Chebet amekuja na maziwa, akakaa kwenye kitanda changu, akasema mzee hali vizuri. Watu wa miche wanapita wanaona mistari mitatu imebonyea na mingine imesimama. Anaona aibu. Jumatatu atawaita wanawe na panga wakate miti yote ishuke iwe sawa na ile mitatu.

Sijui chai kama Mama, lakini najua hiyo si sawa. Miaka minane ya kazi ya mtu yule. Kwa sababu ya somo langu.

Nimempa dereva wa lori la kampuni ujumbe. Ni Mkisii mwenzetu, kambi yake ni moja na ya Mama. Mwambie Mama kwamba mimi, Yunuke, namhitaji Jumapili. Mwambie aje na ufito. Sijaenda kwa Mama Sabato hii, nimesema naumwa. Uongo mdogo. Naumwa kweli.

Jumapili, 27 Mei

Mama alifika saa tatu asubuhi, ufito begani, kitambaa chekundu kichwani, viatu mkononi visichafuke. Sikuwa nimemaliza kumweleza. Akaingia kwenye chai ya mzee moja kwa moja.

Sikufikiri. Kwetu sisi wa Sabato Jumapili ni siku ya kazi, na kwa Mama ndiyo siku pekee ambayo si ya kampuni. Lakini mgongo huu wote wanasali leo. Njia ya kanisa inapita pale pale. Waumini wakapita na vitabu vyao vya nyimbo, wakamwona mwanamke wa Kisii amebeba kikapu mgongoni katika shamba la mwenyekiti siku ya Bwana. Wakasimama. Nilitamani udongo unifunike.

Mzee akaja, koti la kanisa, kofia mkononi. Akamwambia Mama kwa upole lakini kwa nguvu kwamba hapa Jumapili hakuna kazi, hata ng'ombe wanakamuliwa tu kwa sababu hawajui siku. Mama akasema Jumamosi hawezi, ni Sabato. Siku nyingine ni za kampuni. Wakatazamana. Watu wawili wacha Mungu, na katikati yao hakuna hata siku moja ya wiki iliyobaki.

Nikaona Jumatatu inakuja na panga zake.

Mama ndiye aliyepata njia. Akatua kikapu, akakigeuza kifudifudi, akamwuliza, "Mzee, kuangalia ni kazi?"

Mzee akageuza kofia mkononi. Akasema kuangalia si kazi.

Basi wakaangalia. Mama akalaza ufito, hakuchuma hata jani. Akamwonyesha: huku juu ni sawa, usishushe. Huku chini pameumizwa, usiguse, panapanda penyewe. Ukikata yote, utakuwa umevunja meza yote kwa ajili ya mistari mitatu. Alisema, "Meza haishushwi, Mzee. Inangojewa." Kiswahili chake ni cha kambi, cha mzee ni cha ng'ombe na mnada, lakini walielewana kuliko mimi na darasa langu.

Mama akavua kitambaa chake, akakichana vipande vidogo, akamkabidhi mzee. Kila mti ulioumia ufungwe kipande kesho, si leo, kufunga ni kazi. Wenye chekundu hauguswi mpaka ulingane. Akarudi kambini kichwa wazi.

Mzee alichelewa kanisani. Watu wanasema ni mara ya kwanza.

Jumatatu, 28 Mei

Panga hazikutoka. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama, naishukuru miguu ya Mama.

Baada ya shule nilifunga vipande vyekundu pamoja na Mama Chebet. Vingi mno. Kisha akanifundisha kuchuma kwa mikono miwili. Binti wa mchumaji, anafundishwa na mke wa mfugaji. Ana maneno machache ya Kiswahili na mimi machache ya Kipsigis. Tulicheka zaidi ya kuongea. Nilimwambia kongoi, asante ya kwao, akaniuliza kwetu tunasemaje, nikamwambia mbuya mono. Akaisema jioni nzima kwa ng'ombe.

Fomu yangu iko kwenye mfuko wa koti la mzee. Haijatiwa sahihi. Mama Chebet ameiona alipolipiga koti pasi.

Jumatano, 6 Juni

Baridi. Chai haikui. Kila siku baada ya shule nachungulia vipande vyekundu kama mtu aliyepanda mahindi jana. Kichipukizi kimoja kinanitosha kwa siku nzima.

Jumapili, 10 Juni

Mama amekuja tena kuangalia. Mzee alikuwa ameshamwekea kigoda pembeni ya chai, na kingine chake. Wakakaa. Naona mzee ametoka kanisani mapema. Waliongea habari za mvua ya mawe, na za vifo. Mama alifiwa na Baba mwaka ule wa njaa, mzee alizika watoto wawili. Mambo ambayo Mama hajawahi kuniambia mimi, akamwambia mzee wa Kipsigis kwenye ukingo wa chai.

Sahihi bado. Sikuthubutu kuuliza. Siku nne zimebaki, na somo langu nimelikata. Nitasema meza ya kulia, ya hesabu, ya maji, ya Bunge, tabula, basi. Chai sitaitaja. Sina uso wa kuitaja.

Alhamisi, 14 Juni

Niandike polepole.

Inspekta ni mtu mwembamba, miwani, anakohoa. Alikaa nyuma karibu na Bwana Langat, kamusi ya kamba ya mkonge magotini mwa Bwana Langat. Mzee arap Tonui akaja pia kama mwenyekiti, akakaa na kofia yake.

Nilianza vizuri. Ubao wa Warumi. Watoto waliimba hesabu za mara saba. Nilichora kisima na maji chini yake. Niliposema tablet ni table ndogo, mmoja wa nyuma akasema ndiyo sababu tunaimeza, darasa likacheka, inspekta naye akatabasamu kidogo. Nikasema nimevuka.

Kisha nikafanya kama kitabu cha mwongozo kinavyosema: nikaomba sentensi kutoka kwa wanafunzi.

Chebet akanyoosha mkono. Nikajua. Nikamtazama mwingine. Hakuna mwingine aliyenyoosha.

Akasimama, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: tulivunja table ya baba yangu na mwalimu hakutupiga.

Inspekta akaweka kalamu chini. Akauliza kwa Kiingereza, table gani. Watoto wakajibu. Mmoja akaanza, mwingine akamrekebisha, wa tatu akaendelea: chai, ufito, kinachopita na kisichopita, managu, mistari mitatu, kitambaa chekundu cha mama ya mwalimu, kuangalia si kazi. Makosa ya Kiingereza kila mahali. Maana yote ipo. Sikuwafundisha kuisema. Walikuwa wameikusanya wenyewe, wiki tatu nzima, kwenye ua ule.

Nilisimama kama mwizi aliyeshikwa na kuku.

Inspekta alitaka kuiona. Tukatoka sote, yeye mbele, suruali ikalowa na umande wa majani. Akaangalia vipande vyekundu. Akamwuliza mzee kwa Kiswahili: "Huyu ndiye aliyekuharibia?"

Mzee akasema, "Ndiyo. Ni huyu."

Nikajua kolegi imekwisha.

Mzee hakuwa amemaliza. Hana haraka ya maneno. Akasema, "Lakini alikuja kuniambia wakati jua iko juu. Mimi nimekaa na hii kamati miaka mingi. Watu wananiambia mambo wakati ng'ombe imeshakufa na ngozi imeuzwa. Huyu alikuja siku ile ile. Na akaniletea mama yake. Nilikuwa nakata hii chai yote." Akagusa kichipukizi kimoja kwa kidole. "Nilikuwa nangoja nione kama itapona, ndiyo nisaini. Naona inapona."

Akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne. Akatafuta pa kuandikia. Bwana Langat akamnyooshea kamusi. Mzee akatia sahihi juu ya kamusi, amesimama katikati ya chai yake, herufi moja moja. Bwana Langat hakusema neno kuhusu jalada.

Nililia. Mbele ya inspekta, mbele ya darasa la sita. Sijuti.

Ijumaa, 15 Juni

Inspekta hakusema atakaloandika. Alisema tu, akiingia garini, kwamba maana ile ya chai angependa kujua imeandikwa wapi. Nikamwambia haijaandikwa. Akasema basi iandike.

Joel alipita salama na "run" yake. Alikimbia darasa zima kuonyesha. Nimefurahi naye.

Watoto wameniuliza kama Chebet alikosea. Nimewaambia hapana. Mimi ndiye niliyetaka kuficha, na wao hawakujua kwamba kuna kitu cha kufichwa. Nina bahati na darasa hili kuliko ninavyostahili.

Jumanne, 3 Julai

Mvua ya mawe upande wa Sotik, tumeisikia ikinguruma. Hapa ilidondosha punje chache kwenye mabati ikaghairi. Nilikimbia kwenye ua bila viatu. Nimemkuta mzee hapo, naye bila viatu. Tulisimama mpaka ikaisha.

Jumapili, 15 Julai

Mama alifungua vipande vyekundu kumi na kimoja. Kwa macho tu, alisema hii, na hii. Nitavifungua kesho.

Jumanne, 24 Julai

Barua. Bwana Langat alinisomea kwa sababu macho yangu yalikataa. Kolegi, Januari. Joel pia.

Nilitembea mpaka kambini jioni hii hii kumwambia Mama. Alikuwa anaosha miguu. Akasema, "Sawa," akaendelea kuosha mguu wa pili. Kisha akaniambia nilete mguu wangu, akauosha. Hakuwahi kufanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Kanisani tunaoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Nadhani ndiyo namna aliyoijua ya kusema.

Jumapili, 29 Julai

Jua la kawaida. Mzee aliomba tuje baada ya ibada yake, mimi na Mama.

Mama alilaza ufito kwenye mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uligusa kila mti. Hakuna mwanga uliopita chini yake. Alirudia mara mbili, kisha akamwachia mzee aulaze mwenyewe. Akaulaza. Akausogeza. Akapangusa uso kwa kofia.

Kwao hakuna meza. Mama Chebet alisema hawajawahi kuihitaji, kila mtu na kigoda chake. Lakini leo mzee alikuwa ametoa ubao wa lango la zizi, akausugua kwa maji na majivu, akaulaza juu ya mawe mawili chini ya ukingo wa paa. Juu yake ugali, managu, maziwa ya kibuyu, chai. Managu nilijua nani aliyachuma, na jinsi alivyoyachuma. Mzee aliomba kwa lugha yake, Mama akaomba kwa yake. Mimi nilisema amina mara mbili. Tulikula mpaka kivuli kikahama.

Daftari langu lina maana kumi na tatu za table. Jioni hii nimeandika ya kumi na nne kwa Kiingereza, ile ya chai, na jina la Mama kando yake, Kerubo, kama kamusi inavyoonyesha neno lilikotoka.

Mama ameondoka saa kumi ili afike mapema. Nilimsindikiza mpaka kwenye daraja. Ndipo nilipoona mikono yake mitupu. Nikamwambia amesahau ufito, nikageuka niukimbilie.

Akasema hajausahau.